Ni nani atakayewahesabu maskini wa Afrika Mashariki?

Kaunti ya Fairfax, katika jimbo la Virginia, iko mwendo mfupi kutoka Washington. Ni wachache wanaojua kwamba takwimu nyingi zinazotumika kupima afya na umaskini katika Afrika Mashariki zilipitia mikononi mwa kampuni ya huko.

Kampuni hiyo ni ICF. Makao yake makuu yalikuwa Fairfax hadi mwaka 2022, ilipohamia Reston, ndani ya kaunti hiyo hiyo. Mwaka 2009 iliinunua kampuni ya Macro na kurithi usimamizi wa DHS, mpango wa utafiti wa afya na idadi ya watu ulioanzishwa mwaka 1984 kwa fedha za Shirika la Misaada ya Maendeleo la Marekani, USAID. Mpango huo umefika katika nchi zaidi ya 90, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania.

Kwa nini kwenda nyumba kwa nyumba?

Katika nchi tajiri, serikali huhesabu vizazi na vifo kutokana na vyeti. Afrika Mashariki, watoto wengi huzaliwa, na baadhi hufariki, bila kuandikishwa popote. Kwa hiyo wadodosaji huzitembelea kaya na kuwauliza wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 juu ya watoto wote waliowazaa, walio hai na waliofariki. Watoto wadogo hupimwa urefu na uzito.

Umaskini nao una kipimo chake. Mkulima au mvuvi hana hati ya mshahara, hivyo huulizwa kama sakafu yake ni ya udongo au ya saruji, maji anayateka wapi, na kama ana redio, baiskeli au simu. Majibu hayo huzigawa kaya katika mafungu matano, kuanzia maskini kabisa hadi tajiri zaidi.

Kwa njia hiyo ilijulikana kwamba nchini Tanzania, vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilipungua kutoka 147 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai katika utafiti wa mwaka 1999, hadi 43 katika ule wa mwaka 2022. Lengo la Umoja wa Mataifa ni vifo visivyozidi 25 ifikapo mwaka 2030. Utafiti huo wa 2022 ulionyesha pia kwamba watoto 30 kati ya kila 100 wamedumaa.

Fedha zilipokatwa

Januari 2025, Rais Donald Trump alisimamisha misaada ya nje. Mwezi uliofuata mpango wa DHS ulisitishwa, na tarehe 1 Julai shughuli za USAID zilizosalia zikahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Baadaye Wakfu wa Gates ulitoa fedha za muda.

Je, nchi zetu haziwezi kujihesabu? Wanaoingia vijijini si Wamarekani. Kazi hiyo hufanywa na ofisi za takwimu za Tanzania Bara, Zanzibar, Kenya na Uganda. Kilichotoka nje ni sehemu kubwa ya fedha, pamoja na madodoso ya pamoja yanayowezesha nchi moja kulinganishwa na nyingine.

Liko pia suala la uhuru. Mwaka 2018 Tanzania ilirekebisha sheria na kufanya kupinga hadharani takwimu rasmi kuwa kosa. Kifungu hicho kiliondolewa mwaka 2019 baada ya kukosolewa, hata na Benki ya Dunia. Serikali itakayogharamia hesabu italazimika kuvumilia matokeo yasiyoipendeza.

Utafiti wa aina hii hurudiwa kila baada ya miaka mitano hivi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hili limeandikwa kwa fedha za wengine kwa zaidi ya miaka 30. Sasa bajeti za Dodoma, Nairobi na Kampala ndizo zitakazoonyesha kama litaendelea kuandikwa.