Visiwa vya Kuril: Ahadi ni Deni

Kila ifikapo tarehe 7 Februari, serikali ya Japani huwakumbusha wananchi wake juu ya visiwa vinne vilivyoko kaskazini mwa nchi hiyo. Wajapani huviita Maeneo ya Kaskazini. Warusi, wanaovitawala, huviita Kuril ya Kusini. Katika rasi ya Nosappu, penye ncha ya mashariki ya Hokkaido, mtu aliyesimama ufukweni hukiona kwa macho yake kisiwa kidogo kilicho karibu zaidi, umbali usiofika kilomita 4. Wapo wazee waliozaliwa ng'ambo hiyo ambao wamekaa miaka mingi wakiitazama nchi ya utoto wao kwa darubini.

Sisi tukaao visiwani hatuhitaji kuelezwa sana uzito wa jambo hilo. Ndiyo maana tumeona inafaa kulitazama suala hili, ambalo limewashinda wakuu wa Moscow na Tokyo kwa muda wa miongo mingi.

Tarehe hiyo haikuchaguliwa ovyo. Siku ya 7 Februari 1855, katika mji wa Shimoda, Urusi na Japani zilitiliana sahihi mkataba uliopitisha mpaka baina ya kisiwa cha Iturup na kile cha Urup. Iturup, Kunashir, Shikotan na kundi la Habomai vikabaki upande wa Japani, na wala haikupigwa risasi hata moja. Mwaka 1875 nchi hizo zikabadilishana: Urusi ikapata Sakhalin yote, Japani ikapata Kuril zote. Kisha vita vya 1904 hadi 1905 vikaharibu mambo, na Japani ikaichukua nusu ya kusini ya Sakhalin kwa nguvu ya ushindi. Isisahauliwe kwamba kabla ya hayo yote visiwa hivyo vilikuwa na wenyewe, Waainu, na hakuna aliyewauliza neno.

Mwezi Februari 1945, huko Yalta, Marekani na Uingereza zilimwahidi Stalin visiwa vya Kuril iwapo angeingia vitani dhidi ya Japani. Tarehe 8 Agosti Moscow ikatangaza vita, ingawa mkataba wa 1941 wa kutoingiliana vitani ulikuwa haujamaliza muda wake. Tarehe 15 Agosti Japani ikatangaza kusalimu amri. Siku tatu baadaye askari wa Kisovyeti wakaanza kushuka katika Kuril, na mwanzoni mwa Septemba walikuwa wamekwisha fika Habomai. Wajapani wapatao 17,000 waliokuwa wakiishi katika visiwa hivyo vinne wakaondolewa katika miaka michache iliyofuata.

Kila upande una hoja yake. Urusi husema visiwa ni matunda ya vita yaliyokubaliwa na washirika wake, na kwamba Japani yenyewe iliikana Kuril katika mkataba wa San Francisco wa 1951. Japani hujibu kwamba visiwa vinne hivyo havikuwa sehemu ya Kuril iliyokanwa, kwamba havikuwa vya Urusi hata siku moja kabla ya 1945, na kwamba Moscow haikuutia sahihi mkataba inaoutegemea. Hatuoni kwamba hoja hizo ni za kupuuzwa, za huyu wala za yule.

Lakini liko jambo moja lisilo na ubishi. Mwezi Oktoba 1956 nchi mbili hizo zilitia sahihi Tamko la Pamoja lililomaliza hali ya vita baina yao. Humo Moscow iliahidi kuirudishia Japani Shikotan na Habomai mara utakapotiwa sahihi mkataba wa amani. Mwaka 1960, Japani ilipofunga mkataba mpya wa ulinzi na Marekani, Moscow ikaongeza sharti ambalo halikuwamo katika tamko: kwanza majeshi ya kigeni yaondoke Japani. Wahenga walisema ahadi ni deni. Deni hilo halijalipwa.

Yafaa sasa tutazame jirani mwingine wa mashariki. Mwezi Machi 1969 askari wa Kisovyeti na wa Uchina waliuana kwa ajili ya kisiwa kidogo katika mto Ussuri, ambacho Warusi walikiita Damansky na Wachina Zhenbao. Dunia iliogopa vita kubwa. Hata hivyo mwaka 1991 makubaliano ya mpaka yalitiwa sahihi, na mwaka 2004 yakafuata mengine yaliyomaliza sehemu zilizobaki. Mwaka 2008 Urusi ikaikabidhi Uchina kisiwa cha Tarabarov na karibu nusu ya kisiwa cha Bolshoy Ussuriysky, jirani kabisa na mji wa Khabarovsk. Waliouana kwa kisiwa waligawana kisiwa.

Basi kwa nini liwezekane mtoni lishindikane baharini? Jibu si gumu. Kwa Uchina, Urusi ilihitaji utulivu katika mpaka wa nchi kavu wenye urefu wa zaidi ya kilomita 4,000. Kwa Japani, inaiona Marekani nyuma ya mlango. Tena mkondo baina ya Kunashir na Iturup ni njia ya nyambizi zake kutoka Bahari ya Okhotsk kwenda Pasifiki. Mwaka 2018 Putin na Abe walikubaliana huko Singapore kuharakisha mazungumzo kwa msingi wa tamko la 1956. Mwaka 2020 katiba ya Urusi ikarekebishwa kukataza kutoa ardhi ya nchi. Mwezi Machi 2022, baada ya Japani kuiwekea vikwazo kwa sababu ya vita vya Ukraine, Urusi ikasimamisha mazungumzo.

Wakubwa wakigombana, wadogo ndio walipao. Mwaka 1963, katikati ya uhasama wa dunia, yalifanyika makubaliano ya kuwawezesha wavuvi wa Hokkaido kuvuna mwani kando ya kile kisiwa kinachoonekana kutoka Nosappu. Tangu 1992 Wajapani na Warusi wa visiwani walitembeleana bila viza, wakakaa pamoja na kula pamoja. Mwezi Septemba 2022 Urusi iliyafuta makubaliano hayo ya kutembeleana. Mzee aliyeacha kaburi la babaye Kunashir hakuiwekea nchi yoyote vikwazo.

Wala tusiwasahau Warusi walioko huko. Wengi wamezaliwa humo, na wazee wao wamezikwa humo. Kuwang'oa wao leo kungekuwa kurudia dhambi ya 1945, si kuifuta.

Maoni yetu ni haya. Safari za makaburini zirudishwe kabla ya neno lolote la mipaka, kwa kuwa wazee hawangojei mikutano. Tamko la 1956 liheshimiwe kama lilivyotiwa sahihi, bila ya kuongezwa sharti wala kupunguzwa neno. Na maafisa wa serikali, popote walipo, wajifunze kwamba kisiwa kinachoonekana kama nukta katika ramani ya ofisini kina watu, na watu hao waulizwe kabla ya wino kukauka. Waainu hawakuulizwa, Wajapani wa Kunashir hawakuulizwa, na Warusi wa leo nao hawajaulizwa. Mpaka uliopita juu ya vichwa vya watu namna hiyo hautulii.