Juu ya "Shall" na "Will"

Mwanafunzi asomaye Amri Kumi katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 hukuta "shalt not", ambayo ni "shall not" kwa nafsi ya pili ya zamani. Naye, kwa kuwa amefundishwa ya kwamba "shall" ni alama ya wakati ujao tu, hufasiri "hutaiba". Hapo amri imegeuka kuwa utabiri, tena utabiri unaokanushwa kila siku sokoni.

Asili ya "shall" ni kuwiwa. Asili ya "will" ni kutaka. Jambo hili lisitushangaze, maana hata kiungo chetu -ta- chatokana na kutaka. Basi amwambiaye mwenziwe "you shall" amtwika deni, na asemaye "I will" aonyesha nia yake mwenyewe.

Mwaka 1653 John Wallis aliandika kanuni yake: kwa kutabiri, "I shall" lakini "you will", kwa kuahidi au kutisha, kinyume chake. Siku hizi Waingereza wengi hawaishiki, bali husema "will" kwa nafsi zote. "Shall" yasalia hasa katika sheria, na katika kuuliza shauri: "Shall I open the door?"

Mwalimu na aulize maana yake kwa Kiswahili. Atakayejibu "Nitafungua mlango?" hajaelewa, jibu ni "Nifungue mlango?" Na namna hiyo hiyo ya kitenzi, ikikanushwa, ndiyo ya amri: "usiibe".