Farasi, Chuma na Balbu: Uchovu katika Kiingereza

Mwingereza aliyetoka kazini hoi bin taabani husema yuko "knackered". Ni neno la mitaani, na wapo wanaoona si adabu kulitamka mbele ya mkuu wa kazi. Wengi wanaolitumia hawajui kwamba lilitoka machinjioni. Knacker alikuwa mtu aliyenunua farasi waliokongoroka kwa kukokota mizigo, akawachinja na kuuza ngozi, mifupa na kwato zao. Asemaye yuko knackered amejipanga foleni nyuma ya farasi hao.

"Exhausted" lina heshima zaidi, nalo lilitoka kwenye kitenzi cha Kilatini cha kuteka maji hadi yaishe. Enzi za saa za kutiwa ufunguo, mtu dhaifu aliitwa "run down", sawa na saa ambayo springi yake imelegea. Zilipokuja injini za makaa, watu wakaanza kuishiwa mvuke, na siku hizi wanakwenda likizo kujichaji kama betri. Kila zama ilitazama mashine yake ya kazi, ikaona humo sura ya mwili uliochoka. Na karibu picha zote zinasema jambo moja: kulikuwa na kitu ndani, sasa kimekwisha.

Neno "fatigue" ndilo linalonivutia kuliko yote, maana lilisafiri kinyume, kutoka kwa watu kwenda kwa vyuma. Kiingereza kililichukua kutoka Kifaransa katika karne ya 17. Jeshini likawa jina la kazi za sulubu zisizo za vita, kama kuchimba mitaro na kufagia kambi, na hadi leo magwanda ya kazi ya askari huitwa "fatigues". Kisha reli ikaja. Tarehe 8 Mei 1842, treni iliyokuwa ikiwarudisha watu Paris kutoka Versailles ilivunjika ekseli karibu na Meudon, mabehewa yakapandana na kushika moto. Walikufa zaidi ya watu 50.

Ekseli za namna ile hazikushindwa na uzito. Zilikuwa zimeubeba kila siku bila matata. Mhandisi wa reli za Prussia, August Wöhler, alilishughulikia fumbo hilo katika miaka ya 1850 na 1860 kwa mashine zilizozungusha ekseli mamilioni ya mara, akaonyesha kwamba mzigo mdogo, ukirudiwa vya kutosha, huvunja chuma ambacho kingeweza kubeba mzigo mkubwa zaidi kwa mara moja. Ufa mdogo huanza mahali, hukua taratibu kila mzigo unaporudi, na siku moja chuma hukatika ghafla. Wahandisi wakaiita hali hiyo fatigue. Mwaka 1954 ndege mbili za abiria aina ya Comet zilisambaratika angani na kuangukia Mediterania, na uchunguzi ukaonyesha kwamba bodi za ndege hizo zilichoka kwa kujazwa na kutolewa shinikizo la hewa kila safari. Lakini ulinganisho huu wa mwili na chuma una kasoro kubwa: chuma hakilali. Ufa hauzibwi na usiku mmoja wa mapumziko.

Umeme nao ukachukua zamu yake. Daktari wa New York, George Miller Beard, alianza kueneza neno "neurasthenia" mwaka 1869, akimaanisha udhaifu wa neva. Alilaumu mvuke, telegrafu na magazeti, na akaulinganisha mfumo wa neva na mtambo wa Edison unaolazimishwa kuwasha taa nyingi kupita uwezo wake. Ugonjwa huo aliuona hasa kwa watu wa kazi za akili. Wapakua mizigo bandarini, kama kawaida, walikuwa wamechoka tu.

Karne moja baadaye, mwaka 1974, mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliandika kuhusu "burnout" aliyoiona kwa wafanyakazi wa kujitolea wa kliniki ya bure mjini humohumo. Neno lilikuwa la mitaani tayari, likisemwa juu ya watu walioharibiwa na dawa za kulevya. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lililieleza kuwa ni hali ya kazini, si ugonjwa, na lisitumike kwa mambo mengine ya maisha. Kwa hiyo mama anayemuuguza mzee nyumbani usiku na mchana hana burnout kwa fasili hiyo. Mipaka ya namna hii hupendeza zaidi mezani kwa wataalamu kuliko majumbani mwa watu.

Turudi kwenye picha ya kitu kilichokwisha ndani: je, ni kweli kwamba tangi huwa tupu? Angelo Mosso wa Turin, katika kitabu chake cha mwaka 1891 kuhusu uchovu, alieleza kifaa kilichopima kidole kikivuta uzito hadi kishindwe. Alimpima mwenzake kabla na baada ya kusikiliza mitihani ya mdomo ya wanafunzi. Kidole hakikufanya kazi yoyote mle ndani, ila baada ya mitihani kilishindwa mapema zaidi. Mwaka 2010 Samuele Marcora na Walter Staiano walichapisha jaribio la wachezaji raga 10 walioendesha baiskeli ya maabara kwa nguvu ya wastani wa wati 242 mpaka wakasema hawawezi tena. Papo hapo waliambiwa wakanyage kwa nguvu zote kwa sekunde 5. Wakatoa wastani wa wati 731. Sukari ya misuli hupungua kweli katika mbio ndefu kama marathoni, lakini wanaume hawa waliacha wakiwa na akiba mara tatu ya nguvu iliyotakiwa.

Kliniki za usingizi nazo zina ugomvi wao na maneno haya. "Tired" hubeba uchovu na usingizi pamoja, kama mtu wa Dar es Salaam anavyosema amechoka huku akipiga miayo. Murray Johns wa Melbourne alipotunga kipimo cha Epworth mwaka 1991, hakuuliza mtu amechoka kiasi gani. Aliuliza maswali 8 kuhusu uwezekano wa kusinzia: ukisoma, ukitazama televisheni, ukiwa ndani ya gari lililosimama kwenye foleni. Maelekezo yake yanamtaka mgonjwa atofautishe kusinzia na kuchoka tu. Alama ni kuanzia 0 hadi 24, na zikipita 10 daktari hutafuta sababu, kama vile njia ya hewa kuziba usiku. Mgonjwa mwingine hupata alama 3 na bado hawezi kupanda ngazi. Huyo hupimwa wingi wa damu na homoni za tezi ya shingo, kisha huulizwa kuhusu huzuni.