Chura Mweupe

Katika vidimbwi vya Kamina, pale watu wanapolowesha mihogo, na katika mabwawa ya samaki, vyura huimba tangu mvua za mwezi wa kumi. Wengi ni wa kahawia au wa rangi ya majani, wala hakuna anayewatazama sana. Lakini siku moja watoto wanaona chura mweupe kama unga, na mara wanatafuta mawe. Mmoja asema, ana sumu. Mwingine asema, ametumwa na mchawi. Chura anakufa bure, kwa maana weupe wake si sumu wala si uchawi.

Rangi ya chura yatoka wapi? Ngozi yake ina chembe za namna tatu, zimepangwa moja juu ya nyingine. Za juu ni za manjano. Za katikati zina vipande vidogo sana ving'aavyo kama kioo, na mwanga ukizipiga, hurudisha hasa rangi ya buluu. Za chini ni nyeusi. Buluu ikipita katika manjano, jicho letu linaona rangi ya majani. Basi, manjano yakikosekana, chura huyo huwa wa buluu. Weusi ukikosekana, huwa mweupe au wa manjano hafifu, na macho yake ni mekundu, kwa sababu damu yaonekana ndani yake.

Upungufu huo ni wa kurithi. Baba na mama waweza kuwa na rangi ya kawaida, lakini kila mmoja ameubeba kwa siri, naye mtoto aupokea kwa wote wawili. Ndivyo ilivyo hata kwa watu. Mtoto mwenye ualbino ni mtoto wa wazazi wake, si wa mzimu. Anachohitaji ni kofia, nguo za mikono mirefu, na kiti karibu na ubao, kwani jua humwunguza na macho yake hayaoni mbali. Chura hana kofia! Tangu akiwa kiluwiluwi, ndege humwona upesi majini, kwa hiyo ni wachache wanaokua.

Hata hivyo, si kila chura wa ajabu amekosa kitu. Wako vyura wadogo wa matete, urefu wa sentimeta 3 hivi, ambao wataalamu huwaita Hyperolius. Hao ni kama vitenge vya sokoni: wenye mistari, wenye madoa, wekundu, weusi, wa manjano. Wachanga huwa na rangi hafifu. Majike hubadili vazi wakikomaa, na madume wengine hubaki na lile la utoto. G. F. de Witte, Mbelgiji, alikusanya wanyama katika Hifadhi ya Upemba, mashariki ya Kamina, tangu 1946 hadi 1949, na katika 1957 Raymond Laurent alitoa kitabu juu ya vyura wa matete wa huko. Wataalamu wamebishana miaka mingi kama mavazi hayo yote ni ya aina moja ya chura au ya nyingi.

Wakati wa kiangazi baadhi ya vyura hao hukaa juani juu ya majani makavu, wakageuka weupe, ili mwanga urudishwe na mwili usikauke. Mvua ikirudi, rangi inarudi.

Basi, mwenye kuona chura mweupe atazame kwanza macho yake. Yakiwa mekundu, weusi umekosekana tangu kuzaliwa. Kama sivyo, huenda ni chura wa matete anayejikinga na jua. Akitaka kumshika, aloweshe mikono kwanza, kwa maana chura hupumua kwa ngozi pia, nayo huumia upesi.