Jino lililozibwa laweza kuvuja

Je, jino ulilozibwa huchoma unywapo soda baridi? Huenda kizibo kinavuja: mate na viini hupenya ufa usioonekana kwa macho, nalo jino likaoza chini kwa chini.

Amalgamu, ile ya rangi ya fedha ambayo karibu nusu yake ni zebaki, haishikani na jino. Siku za kwanza huvuja. Ajabu ni kwamba kutu yake yenyewe hujaza ule ufa polepole, ndiyo sababu wazee wengi wangali nayo mdomoni. (Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku Januari 2025 kwa ajili ya zebaki, ila pale daktari aonapo ni lazima.)

Kompositi nyeupe, kipenzi cha vijana, husinyaa kwa asilimia 2 hadi 3 inapogandishwa kwa mwanga. Basi daktari hulipaka jino asidi, kisha gundi, ndipo aijaze tabaka kwa tabaka. Mate yakipenya hapo, kazi imeharibika. Usikasirike ukijazwa pamba mdomoni!

Glasi ayonoma hushikana na jino lenyewe na kutoa floridi, lakini si imara kwa kutafunia. Huwafaa watoto wenye meno ya utotoni. Muulize daktari atatumia ipi kabla hajaanza kuchimba.