Je, Wajua? Nyota huzaliwa hata ukingoni

Usiku wa Mei, galaksi ya M83 hupita juu ya Mji Mkongwe, upande wa kusini, umbali wa miaka ya nuru milioni 15. Setilaiti ya GALEX, iliyorushwa 2003, iliona mng'ao wake wa urujuanimno hadi miaka ya nuru 140,000 kutoka kitovuni, palipodhaniwa patupu. Labda ni nyota kongwe zilizotupwa nje? Hapana. Mng'ao huo hutoka kwa nyota kubwa, zenye joto kali. Huishi mamilioni ya miaka tu, si mabilioni kama Jua. Basi zimezaliwa palepale, na gesi ya haidrojeni, inayounda nyota, imekutwa huko huko. Angahewa hutuzuilia urujuanimno huo, tusiuone tukiwa ardhini. Lakini kitovu chenyewe huonekana kwa darubini ndogo: kitafute ukiwa penye giza, kama Kizimkazi, usiku usio na mwezi.