Kaiti Huharibikia Nchi Kavu

Paje, mashariki mwa Unguja, na Diani, kusini mwa Mombasa, kuna misimu miwili ya kaiti kwa sababu pepo ni mbili. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi, kusi hushika kuanzia Juni hadi Septemba, na katikati yake huja masika. Kipindi hicho cha katikati, kaiti zikiwa zimelala stoo, ndicho kinachoziharibu nyingi kuliko mawimbi.

Ninazungumzia zile tiara kubwa za kujazwa hewa, zinazomvuta mtu aliyesimama juu ya ubao. Ndugu wawili wa Kifaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliziombea hataza mwaka 1984. Walichotaka ni tiara ambayo ikianguka majini iweze kunyanyuka tena, ndiyo maana ina mrija mnene mbele na mbavu zilizojaa hewa. Basi ni chombo kilichobuniwa kilowe. Kinachokiumiza ni yale tunayokifanyia kikishatoka majini, na mengi ya hayo tumeambukizana wenyewe kwa wenyewe ufukweni. Hili linaniuma, maana kijana anayeanza kazi ya kufundisha mara nyingi ana kaiti moja tu, tena aliyoinunua ikiwa imekwishatumika. Ikichakaa kabla ya wakati wake, hana ya akiba.

“Kaiti ianikwe juani ndipo ikauke.” Si kweli.

Jua litaikausha, hilo halina ubishi. Lakini kitambaa chake ni poliesta nyembamba iliyopakwa utando, na miale ya urujuanimno huvunjavunja vyote viwili kidogo kidogo. Utando ukiisha, kitambaa hulegea kama leso iliyofuliwa miaka mingi, huanza kupitisha hewa, na kaiti hupoteza umbo lake na nguvu ya kuvuta. Huku kwetu karibu na ikweta, jua la saa sita linakaa utosini. Mtu anayeruka saa mbili, kisha akaiacha kaiti mchangani saa sita nyingine, ameichosha kwa saa nane. Na kama ukingo wa nyuma unapigwapigwa na upepo muda wote huo, utando unapasuka upesi zaidi.

Kinachokausha vizuri ni upepo. Tafuta kivuli cha mvinje, au banda la makuti lililo wazi pande zote. Siku ya kusi kali, nusu saa inatosha kwa kitambaa. Ukichagua mvinje, fagia kwanza vile vikokwa vyake vyenye ncha, usije ukaitandaza kaiti juu yake.

“Kitambaa kikikauka, kaiti imekauka.” Si kweli, na hapa ndipo walio wengi wanapokosea.

Mrija wa mbele una tabaka mbili. Nje kuna ala ya poliesta nzito, ndani kuna tyubu nyembamba ya poliuretani. Maji hupenya kati ya hizo mbili kupitia mishono na matundu ya vali, yakajificha humo. Ukiipapasa kaiti kwa juu utasema ni kavu kabisa. Binya ncha za mabawa, kule maji yanakoteremkia: ukihisi ubaridi au ukaona mshono una rangi iliyokoza, bado. Uache mrija na hewa kidogo, ya kuushika umbo tu, uegemeze bawa moja likiwa chini ili maji yashuke, kisha geuza upande wa pili. Ukifika nyumbani usiikunje usiku huo. Itandaze ndani, hata kama itajaza sebule, uikunje asubuhi.

Maji yaliyonaswa humo yakipata joto hufanya kazi mbaya mno. Aina nyingi za poliuretani huvunjika zikikaa na unyevu na joto kwa muda mrefu: tyubu huanza kunata, kuta zake hugandana, na vali hubanduka gundi. Sasa fikiria stoo ya bati wakati wa masika, kaiti mbichi ndani ya mfuko uliofungwa zipu kwa wiki kumi. Gari lililoegeshwa juani nalo ni vilevile.

“Lazima ioshwe kwa maji baridi kila siku.” Nusu kweli.

Chumvi ikikauka huwa punje zinazokwaruza, tena huvuta unyevu wa hewani, ndiyo maana kaiti iliyokuwa kavu asubuhi, jioni huwa na ubichi tena. Kuosha kunasaidia, lakini kaiti iliyooshwa ikakunjwa kabla haijakauka ni mbaya kuliko ile yenye chumvi iliyokauka vizuri, kwa kuwa ukungu hupenda maji yasiyo na chumvi. Na katika vijiji vya pwani ambako maji ya kunywa hutafutwa kwa shida, na visima vingi vina chumvichumvi, sioni haki ya kumwaga ndoo kwa ndoo juu ya kitambaa kila jioni. Ioshe kwa makini mwisho wa msimu, kabla ya kuihifadhi.

Sehemu moja ninaomba isiachwe hata siku moja, nayo ni kifungo cha kujinasua kilicho kwenye fimbo ya kuongozea. Chumvi na mchanga vikiganda humo, kinaweza kukwama siku ambayo mtu anaburutwa kuelekea mwambani. Kikombe cha maji kinatosha. Kifungue na kukifunga mara kadhaa huku unamimina.

“Ikiachwa imejazwa haipati mikunjo, kwa hiyo hudumu.” Si kweli.

Mikunjo haina neno; hewa ikipata joto ndiyo balaa. Chukua kaiti iliyojazwa psi 8 asubuhi, nyuzi joto 27. Mrija ukipashwa na jua hadi nyuzi 57, hewa iliyomo itakuwa inasukuma kwa psi 10 na ushee. Wakati huohuo gundi ya vali na viraka inalainika kwa joto lilelile. Mshono wa zamani hapo ndipo unapofumka. Ukipumzika kula, punguza hewa, uiweke kivulini, uikandamize kwa mchanga upande unaokabili upepo.

Mchanga wenyewe? Wengi husema haudhuru. Huu wetu mweupe una vipande vya matumbawe na makombe yaliyosagika, na vingine bado vina makali. Kung’uta kabla ya kukunja, si baada.

“Ukungu ni doa tu, jiki italimaliza.” Sehemu ya kwanza ina ukweli kidogo. Ukungu hauli poliesta kwa urahisi, hula uchafu uliomo na huweza kushambulia utando. Jiki ndiyo kosa kubwa, kwa sababu huweza kuharibu utando uleule unaotaka kuuokoa. Tumia sabuni laini, maji ya vuguvugu na sifongo. Doa likibaki, libaki.

“Ikunje kwa kuibana, ndipo ikae vizuri.” Si kweli. Iviringe kwa ulegevu, vali zikiwa wazi, mfuko usifungwe mpaka mwisho, uuweke juu, mbali na sakafu na ukuta wenye unyevu. Panya hupenda kuzaa ndani ya mifuko hiyo, kwa hiyo pasiwe na mabaki ya chakula humo. Masika yakiwa marefu, itoe angalau mara moja siku isiyo na mvua, uijaze kidogo ndani ya chumba, uipitishe hewa.

Kisha mwisho wa Mei, kabla kusi haijashika, ijaze kiasi kilichoandikwa karibu na vali, uiache ndani ya nyumba usiku kucha. Asubuhi gusa mrija wa mbele na kila ubavu. Palipolegea, paka povu la sabuni kuzunguka kitako cha vali kwanza kabla ya kuitoa tyubu na kuhangaika kutafuta pancha. Mara nyingi mapovu huanza kutoka hapo, mahali gundi ilipoachia.